Viza ya mwenza ya Marekani: njia nzima kutoka fomu I-130 hadi dirisha la ubalozi Gigiri

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Kenya ambaye mume au mke wake yuko Marekani, ama kama raia, ama kama mwenye kadi ya kijani. Wengi hujiandaa kwa mahojiano ya ubalozi kana kwamba ni mtihani wa kukariri majibu, ilhali mahojiano yenyewe mara nyingi ni ya dakika chache tu, mkiwa mmesimama pande mbili za kioo. Afisa anayekuhoji ana faili lako mbele yake. Anacholinganisha ni vitu vitatu: mlichojaza kwenye fomu, kilichoandikwa kwenye vyeti, na kinachotoka kinywani mwako. Vikikubaliana, siku inapita vizuri. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu makaratasi, na dirisha linakuja mwishoni.

Kabla ya kulipa hata senti

Anza na pasipoti yako: ni ya nchi gani? Tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 liliwafungia mlango raia wa Somalia na Sudan na kuwawekea vizuizi Warundi. La Desemba 2025 likaongeza nchi nyingine, Tanzania ikiwemo, na likaondoa msamaha ambao tangazo la kwanza liliwapa wenza wa raia wa Marekani. Januari 2026 utoaji wa viza za uhamiaji ukasimamishwa kwa raia wa nchi 75, zikiwemo Tanzania, Uganda na Rwanda. Kenya haikuwekwa kwenye orodha hiyo. Katika usimamishaji huo wa Januari mtu anaweza bado kupeleka maombi na hata kuhojiwa, lakini viza haitoki. Mambo haya hubadilika kwa saini moja, kwa hiyo soma hali ya siku hiyo kwenye travel.state.gov wewe mwenyewe. Usitegemee sauti ya dakika tano iliyosambazwa WhatsApp.

Usipange pia kukwepa foleni kwa kuhamishia kesi nchi jirani. Tangu Novemba 2025 mwombaji anahojiwa katika nchi anakoishi au nchi ya uraia wake.

Sasa ndoa. Pwani si jambo geni bwana harusi kuwa Ohio au Minnesota na nikah kufungwa Mombasa kwa wakala, au kwa simu iliyowekwa spika mbele ya kadhi. Kidini imetimia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, hata hivyo, haiihesabu ndoa ambayo bibi na bwana hawakuwa pamoja ilipofungwa, mpaka wawe wamekutana kimwili baada ya ndoa hiyo. Kuwahi kukutana kabla hakusaidii. Kama ndoa yenu ni ya namna hii, bwana aje kwanza, mkae pamoja, na mweke ushahidi wa safari hiyo: tiketi, mihuri ya pasipoti, risiti ya hoteli, picha zenye tarehe. Fomu ipelekwe baada ya hapo. Nimeona watu wakifanya kinyume, wakapeleka ombi wiki moja baada ya nikah ya simu, kisha wakashangaa kesi kurudishwa.

Mke wa pili hana njia hapa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya wake wengi kwa Waislamu na kwa ndoa za kimila, lakini Marekani haitambui ndoa iliyofungwa wakati ya kwanza haijavunjwa. Na kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, talaka ya mdomo haitoshi, hata ikishuhudiwa na mtaa mzima. Kinachotakiwa ni cheti cha talaka kutoka Mahakama ya Kadhi, au amri ya mwisho ya mahakama kwa ndoa nyingine, yenye tarehe iliyotangulia harusi yenu. Angalieni tarehe hiyo vizuri. Talaka iliyosajiliwa baada ya ndoa mpya inaweza kuvuruga kila kitu.

Waliooana kimila nao wana la kufanya. Picha za kupeleka mahari ni ushahidi mzuri wa uhusiano lakini si cheti. Sheria ile ile ya 2014 inataka ndoa ya kimila isajiliwe, na ubalozi unataka cheti cha Msajili wa Ndoa.

Foleni yenu ni ipi, na watoto wako wapi?

Mume au mke wa raia wa Marekani hana kikomo cha idadi ya viza kwa mwaka. Kesi yake huenda kwa kasi ya ofisi, ambayo si kasi kubwa, lakini hakuna kusubiri zamu. Mwenza wa mwenye kadi ya kijani yumo kundi la F2A, lenye kikomo. Huyu hufuatilia Taarifa ya Viza inayotolewa kila mwezi, na tarehe ya ombi lake lazima ifikiwe kwanza.

Hapa kuna mtego kuhusu watoto ambao huwanasa hata watu makini. Kwenye F2A, mtoto wako ambaye hajaoa na hajafika miaka 21 anasafiri kwenye ombi lako wewe. Kwa mwenza wa raia hakuna kupanda gari la mama. Kila mtoto anahitaji fomu I-130, yaani ombi la kwanza analopeleka mwenzako, yake mwenyewe. Sasa chukua bwana mwenye kadi ya kijani aliyekuombea wewe na wanao, kisha akaapishwa kuwa raia katikati ya safari. Wewe unapanda daraja mara moja. Watoto wanabaki nje mpaka awapelekee maombi yao. Basi akishaapishwa, kabla hata ya kuweka picha ya bendera mtandaoni, atume fomu za watoto na awajulishe wahusika kwamba hadhi yake imebadilika.

Mtoto uliyekuja naye kwenye ndoa anahesabiwa kuwa mtoto wa kambo wa mwenzako iwapo ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Na kila mtoto aandikwe kwenye fomu, anayesafiri na asiyesafiri, wa ndani na wa nje ya ndoa, hata yule anayelelewa na bibi yake Kakamega na ambaye mwenzako bado hajaambiwa habari zake. Mwambie sasa. Mtoto aliyefichwa leo huwa swali gumu sana miaka mitano baadaye mtakapotaka kumchukua.

Ombi la kwanza: I-130

Mwenzako ndiye anayepeleka I-130 kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024 ada ni dola 625 ukijaza mtandaoni na dola 675 kwa karatasi. Jazeni mtandaoni kama mnaweza. Ni nafuu, risiti inakuja haraka, na kila barua inaonekana kwenye akaunti. Ombi linaambatana na I-130A, inayouliza habari zako wewe: ulikoishi na ulikofanya kazi miaka mitano iliyopita. Ukiwa nje ya Marekani fomu hiyo hujazwa lakini si lazima uitie saini.

Viambatisho vya lazima ni vichache: uthibitisho wa uraia au kadi ya kijani ya mwenzako pande zote mbili, cheti cha ndoa, hati za talaka au vifo vya wenza wa zamani, na picha za pasipoti za nyote wawili. Kila kisichoandikwa kwa Kiingereza kitafsiriwe chote, na mtafsiri aandike kwa saini yake kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Hii inagusa mazungumzo yenu ya WhatsApp pia. Chagueni kurasa chache zinazosema kitu na kuzitafsiri, kuliko kupakia mamia ya kurasa za “umekula?” ambazo hakuna atakayezisoma.

Ushahidi wa kwamba ndoa ni ya kweli ndio unaobeba kesi, nami ningeupa muda kuliko kitu kingine chochote. Wanandoa wa Marekani huonyesha mkataba wa nyumba wenye majina mawili na akaunti ya pamoja. Ninyi mnaishi mbali, hamna hivyo, na afisa analijua hilo. Mlicho nacho ni hiki. Pesa: pakua taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima au zaidi kutoka Safaricom, na mwenzako apakue historia ya kutuma kutoka programu anayotumia, ili miamala ya pande mbili ikutane tarehe kwa tarehe. Safari: kila alipokuja, tiketi, muhuri wa kuingia na wa kutoka, na picha za safari hiyo hiyo. Simu: orodha ya simu zilizopigwa kwa miezi tofauti, si wiki moja iliyojaa. Bima na kazi: je, amekuandika mrithi kwenye bima ya maisha au mafao ya kazini? Barua moja ya mwajiri inayokutaja ina uzito kuliko picha hamsini.

Kuhusu picha, zile za wawili peke yenu mmevaa sare mbele ya ua jekundu hazisemi mengi. Zinazosema ni zile mlizo na wazee: mama mkwe ameketi katikati, mashangazi, kaka aliyesimamia mahari, jirani aliyeleta sufuria. Andika chini ya kila moja mwaka, mahali, na nani ni nani. Kama upande mmoja wa familia haukuhudhuria harusi, elezeni sababu kwa sentensi mbili katika barua. Afisa atauliza tu, na ni afadhali jibu liwe faili tayari.

Kuna mambo yanayomfanya afisa yeyote akae wima: tofauti kubwa ya umri, ndoa iliyofungwa siku chache baada ya kukutana ana kwa ana, mwenzako kuwa aliwahi kumwombea mke mwingine, au kukosa lugha mnayoelewana. Hakuna lolote kati ya hayo linaloharamisha viza. Yanataka ushahidi zaidi na maelezo ya mapema. Familia nyingi za kwetu zimeanza kwa utangulizi wa shangazi na wiki tatu za uchumba, basi liseme hivyo, pamoja na jina la shangazi huyo.

Baada ya kutuma ni kusubiri, kwa miezi mingi. USCIS wakileta barua ya kuomba ushahidi zaidi, jibuni yote kwa mara moja na kabla ya tarehe iliyotajwa.

NVC: ada, DS-260 na udhamini

I-130 ikikubaliwa, faili linahamia Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Watatuma barua pepe yenye namba ya kesi. Za Nairobi huanza na NRB. Ada ni mbili: dola 325 kwa kila mwombaji na dola 120 kwa ukaguzi wa udhamini. Hulipwa kwenye tovuti ya CEAC kutoka akaunti ya benki ya Marekani, kwa hiyo mwenzako ndiye alipe. Msikae kimya: mwaka mzima ukipita bila kuwasiliana na NVC, kesi inaweza kufungwa.

DS-260, maombi yenyewe ya viza ya uhamiaji, ni fomu yako wewe. Ijaze ukiwa na nakala ya I-130 na I-130A mezani, ili anwani, tarehe za kazi na majina ya wakwe yasitofautiane. Kumbuka kwamba kama uliwahi kuomba viza ya matembezi au ya masomo, fomu ile ya zamani bado wanayo. Kama mwaka 2017 uliandika kwamba umeolewa na mtu mwingine, au ulinyimwa, sema. Swali la kunyimwa viza lipo kwenye fomu na jibu la kweli halikuzuii. Uongo ndio unaozuia: kudanganya jambo la msingi ili upate viza kunaweza kukufungia mlango maisha, na msamaha wake ni mgumu kuupata. Waliowahi kukaa Marekani bila kibali nao wajipange. Zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka ni miaka 3 nje; mwaka au zaidi ni miaka 10, isipokuwa upate msamaha wa kisheria. Hapo tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni ya Marekani, na si “wakala” wa mtaani mwenye kompyuta na muhuri.

Udhamini ni fomu I-864, na hapa kesi nyingi hukwama kwa sababu za hesabu tu. Mwenzako lazima aonyeshe mapato ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kwa ukubwa wa kaya yake. Kwa viwango vya 2025, kaya ya watu wawili ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka katika majimbo mengi, na kiwango hupanda kila mwaka. Katika kaya ahesabiwe yeye, wewe, watoto wanaomtegemea, na yeyote ambaye mwenzako aliwahi kumdhamini na udhamini huo haujaisha.

Ndugu zetu wengi kule wanaendesha malori au teksi za programu kwa jina lao wenyewe. Dereva wa namna hii anaweza kupokea dola laki moja kwa mwaka, lakini baada ya kutoa mafuta, matengenezo na bima, ritani yake ya kodi inaonyesha 19,000. Inayohesabiwa ni ile ya ritani. Mwanya huo zibeni mapema. Mali zinaweza kusaidia: kwa mwenza wa raia thamani yake iwe mara tatu ya pengo. La sivyo tafuteni mdhamini wa pamoja, raia au mwenye kadi ya kijani anayeishi Marekani, aliyefikisha miaka 18, mwenye mapato ya kutosha kwa kaya yake pamoja nawe. Si lazima awe ndugu wa damu. Ila mweleweshe anachotia saini. Ahadi hiyo inadumu mpaka uwe raia, au uwe na robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, au uondoke moja kwa moja, au ufariki. Talaka haiivunji. Mtu akisita baada ya kusikia hayo, msimlaumu.

Pamoja na fomu iweke nakala ya kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, W-2, yaani hati ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, na hati za mishahara za karibuni. Kama mwenzako anaishi nawe Kenya kwa sasa, athibitishe kwamba makazi yake bado ni Marekani au kwamba anarudi: akaunti ya benki, kazi iliyokubaliwa, nyumba, shule ya watoto.

Vyeti vyako: majina na Ghuba

Cheti cha kuzaliwa hutolewa na idara ya usajili wa raia, na maombi hupitia eCitizen. Shida kubwa si kukipata, ni majina. Kwenye cheti wewe ni Amina Juma, kwenye kitambulisho Amina Juma Said, kwenye pasipoti Aminah. Tengeneza hilo kabla ya NVC, kwa marekebisho rasmi inapowezekana, au kwa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kama cheti kilitolewa ukiwa mtu mzima, ambatanisha vitu vya utotoni: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi ya shule ya msingi.

Cheti cha maadili mema unakipata DCI kwa kulipia kwenye eCitizen kisha kupiga alama za vidole, hata kwenye vituo vya Huduma. Kila mwombaji aliyefikisha miaka 16 anakihitaji. Lakini si cha Kenya peke yake. Ukiishi nchi nyingine miezi 12 au zaidi ukiwa na umri huo, nchi hiyo nayo inadaiwa cheti. Hapa ndipo wanaumia dada na kaka waliofanya kazi Dubai, Doha, Jeddah au Muscat. Kupata cheti cha polisi cha Ghuba ukiwa umesharudi nyumbani kunataka alama za vidole, nakala za kibali cha ukaazi cha zamani, na uvumilivu. Kama bado uko huko unasoma haya, kichukue kabla ya kupanda ndege. Vyeti hivi kwa kawaida huhesabiwa halali kwa miaka miwili, ila cha nchi uliyoihama na usiyoirudia hakiishi nguvu.

Vyeti vya Kiswahili havihitaji tafsiri katika hatua hii, kwa kuwa ni lugha rasmi ya nchi unayohojiwa. USCIS, kama nilivyosema, hawana ruhusa hiyo.

Vipimo vya afya

NVC wakishaona faili limekamilika, mnasubiri tarehe. Ikitoka, weka miadi kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi. Orodha imo kwenye maelekezo ya Nairobi. Daktari wako wa kawaida, hata awe profesa, hakubaliwi. Beba pasipoti, barua ya mahojiano, picha, kadi zote za chanjo na majina ya dawa unazotumia. Mwenye mimba aseme kabla ya eksirei.

Kila aliyefikisha miaka 15 anapigwa eksirei ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu. Ikionyesha kovu, hata la ugonjwa uliotibiwa zamani, utatoa makohozi siku tatu na kusubiri kuoteshwa maabara kwa hadi wiki nane. Ndiyo maana vipimo vifanywe mapema iwezekanavyo baada ya tarehe kutoka, si siku mbili kabla. Uliyetibiwa kifua kikuu, leta kadi ya matibabu; kuficha hakufuti kovu.

Virusi vya Ukimwi si kizuizi tangu Januari 2010. Usikatize dawa zako kwa hofu hiyo. Bangi ni habari nyingine: majimbo mengi yameihalalisha, lakini sheria ya shirikisho inayotawala viza haijaihalalisha, na matumizi ya karibuni yanaweza kukusukuma nyuma mwaka mzima. Na tukiwa hapo, miraa ina kathinoni, iliyo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa Marekani, kwa hiyo asikupe mtu kifurushi cha “kumpelekea mjomba”.

Siku ya mahojiano

Ubalozi uko United Nations Avenue, Gigiri. Simu, kompyuta na mabegi makubwa acha nyumbani au kwa mtu anayekusubiri nje. Fika mapema kwa kiasi. Kufika saa kumi alfajiri hakukupi pointi. Kabla ya siku hiyo jisajili kama barua inavyoelekeza ili pasipoti ijulikane irejeshwe wapi.

Beba vyeti halisi vya kila ulichopakia, pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita zaidi ya siku unayotarajia kuingia, picha mbili za sentimita 5 kwa 5, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260, na bahasha ya daktari bila kuifungua ikiwa umepewa mkononi. Ongeza ushahidi mpya wa kuanzia siku mlipotuma I-130 hadi sasa. Kesi imekaa mwaka au zaidi. Afisa anataka kuona kwamba ndoa nayo imeendelea.

Kwanza utaitwa dirishani kwa karani anayekagua karatasi, kisha alama za vidole, kisha kungoja. Mbele ya afisa utainua mkono na kuapa kusema kweli. Ukiwa huru zaidi kwa Kiswahili, sema mapema na uhojiwe kwa Kiswahili. Kuhangaika na Kiingereza cha kuazima kunafanya jibu la kweli lisikike la uongo.

Maswali ni ya kawaida sana. Mlikutana wapi na nani aliwakutanisha? Alikuja Kenya lini mara ya mwisho, alifikia wapi? Anafanya kazi gani, zamu gani? Aliwahi kuoa? Watoto wake wanaitwaje? Kwa nini ndugu zake hawakuja harusini? Mtaishi mji gani? Jibu ulichoulizwa, ukome. Akiuliza tarehe usiyoikumbuka, sema “sikumbuki siku, ilikuwa baada ya Idi” au “wakati wa likizo ya Aprili”. Watu wa kweli hukumbuka hivyo. Usichokijua, sema hukijui. Mke asiyejua mshahara wa mumewe hadi senti ni mke wa kawaida. Mke asiyejua kama mumewe ana watoto ni swali.

Wiki moja kabla, kaeni na mwenzako kwenye simu mpitie fomu zote pamoja, si kutunga majibu bali kukumbushana yaliyoandikwa. Jambo lolote lililobadilika tangu hapo, kazi, nyumba, mimba, liseme mwenyewe mwanzoni.

Majibu matatu yanayowezekana

Ukikubaliwa, afisa atakuambia na kubaki na pasipoti. Usinunue tiketi wala kuacha kazi mpaka viza iwe mkononi.

Ukipewa karatasi ya kifungu 221(g), soma kilichotiwa alama. Mara nyingi ni cheti kinachokosekana, udhamini usiotosha, au uchunguzi wa ziada wa kiofisi. Leta kilichotakiwa kwa njia iliyoandikwa, chote kwa pamoja. Una mwaka mmoja kabla ya kesi kuanza kufutwa. Uchunguzi wa kiofisi hauna muda maalumu, na kupiga simu kila siku hakuuharakishi.

Afisa asiposadiki ndoa yenyewe, hurudisha ombi USCIS akipendekeza lifutwe. Hapo USCIS humwandikia mwenzako barua ya kusudio, naye ana nafasi ya kujibu kwa ushahidi. Hii si barua ya kujibu peke yenu. Ikiamuliwa rasmi kwamba ndoa ilikuwa ya hila, hakuna ombi lingine litakalokubaliwa kwako siku zijazo, hata ukiolewa kwa mapenzi ya kweli na mtu mwingine.

Viza ikishatoka

Kagua jina, tarehe ya kuzaliwa na kundi kabla ya kufurahia picha. Kwa mwenza wa raia utaona CR1, kama ndoa haijatimiza miaka miwili, au IR1, kama imetimiza. Ndoa yenye chini ya miaka miwili siku unayoingia Marekani inakupa hadhi ya masharti na kadi ya miaka miwili; iliyotimiza miwili inakupa kadi ya miaka kumi. Anayekaribia kutimiza miaka miwili, na viza yake bado ina uhai, ana haki ya kusogeza safari wiki chache mpaka siku hiyo ipite, kisha amweleze afisa wa uwanja wa ndege. Inaokoa ada na mzigo mzima wa karatasi.

Viza huwa na uhai wa hadi miezi sita, ikifuata muda wa vipimo. Kabla ya kusafiri lipa mtandaoni ada ya mhamiaji ya USCIS, dola 235, la sivyo kadi haitachapishwa. Ukipewa bahasha iliyofungwa, ibebe mkononi na usiifungue. Muhuri wa kuingia juu ya viza unatumika kama uthibitisho wa ukaazi kwa mwaka mmoja, hivyo unaweza kuanza kazi kabla kadi haijafika kwa posta.

Mwenye CR1 aweke alama kwenye kalenda siku hiyo hiyo ya kuwasili. Fomu I-751 ya kuondoa masharti hupelekwa na wote wawili ndani ya siku 90 kabla kadi ya miaka miwili haijaisha, nayo inauliza tena ushahidi wa ndoa. Safari hii mtakuwa na mkataba wa nyumba, bili ya umeme na akaunti yenye majina mawili. Anzeni kuviweka kwenye bahasha tangu mwezi wa kwanza.